Ufunguo wa Sanduku Jeupe

Kwenye ukumbi wa ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, kati ya kalenda ya benki na picha ya Rais, limetundikwa sanduku dogo jeupe lenye alama ya msalaba. Wafanyakazi hulipita asubuhi na jioni bila kuligeuzia macho. Lina kufuli. Ufunguo uko kwa mhasibu, na Jumamosi mhasibu hayupo.

Kufuli hilo lina sababu yake, wala si sababu ya kuchekwa. Sanduku lisilofungwa huisha ndani ya wiki mbili: plasta zimekwenda nyumbani kwa watoto, spiriti imesafishia vioo vya simu, na panado zimemalizwa na vichwa vya Jumatatu. Meneja anayelitia kufuli anaona analinda mali ya kampuni. Ila damu haina subira. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, mtu anaweza kufa kwa dakika chache tu, pengine kabla namba ya mhasibu haijapatikana.

Tukianzia sheria, haikusema sanduku liwepo kisha ikanyamaza. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 95, inataka sanduku au kabati la huduma ya kwanza liwekwe mahali linapofikika kwa urahisi, na ndani yake kisitiwe chochote kisichokuwa cha huduma ya kwanza. Maneno hayo ya kufikika kwa urahisi ndiyo yanayogombana na kufuli la mhasibu. Na hayo mengine, ya kutotia kitu kingine, yanagombana na mihuri, betri za rimoti na pakiti za majani ya chai ambazo wakaguzi wasingeshangaa kuzikuta humo. Tena sheria inataka kabati liwe mikononi mwa mtu anayejulikana na anayewajibika nalo.

Inafaa kutazama kifungu hicho majirani zake ni akina nani. Kabla yake vimepangwa vifungu vya maji ya kunywa, mahali pa kunawa, mahali pa kuweka nguo, na viti vya kukalia. Waliopanga sheria waliiona huduma ya kwanza kuwa jambo la kila siku, kama kiu, halikuwekwa kwenye fungu la maafa makubwa.

Tanzania Bara inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, ambayo msimamizi wake ni OSHA, wakala ulioundwa mwaka 2001. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya ile ya viwanda iliyorithiwa kutoka enzi ya mkoloni. Zanzibar ina ya kwake, ya 2005. Na juu ya zote hizo uko Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ambao ibara yake ya 18 inamtaka mwajiri awe na maandalizi ya kukabili dharura na ajali, huduma ya kwanza ya kutosha ikiwemo. Mwaka 2022 shirika hilo liliupandisha mkataba huo daraja, ukawa miongoni mwa mikataba ya msingi, safu moja na ile inayopiga marufuku kazi za kulazimishwa na ajira kwa watoto.

Kutosha. Hapo ndipo ugomvi ulipo.

Uingereza, ambako sheria nyingi za kazi za Afrika Mashariki zina mizizi yake, ilianza kwa kuhesabu vichwa. Sheria yake ya viwanda ya 1961 ilitaka sanduku moja, na lingine la ziada kwa kila wafanyakazi 150 wanaoongezeka. Wakizidi 50, lazima mwenye dhamana ya sanduku awe amefundishwa huduma ya kwanza. Hesabu ya namna hiyo humfurahisha mkaguzi: anahesabu watu, anahesabu masanduku, anatia saini, anaondoka. Lakini mwaka 1981 Waingereza hao hao waliiacha. Kanuni zao mpya zilimwambia mwajiri aanze kwa kuipima kazi yake: kuna mashine gani, kuna kemikali gani, hospitali iko umbali gani, nani anafanya kazi peke yake usiku. Hakuna tena orodha ya lazima ya vitu vya kutia sandukuni. Kuna pendekezo tu la kuanzia: plasta, bandeji za pembetatu, vitambaa safi vya kufunika jicho, pini, vitambaa vikubwa na vya kati vya kufungia vidonda, glovu, na kijikaratasi cha maelekezo. Dawa za kumeza hazimo, na inashauriwa zisitiwe.

Mabadiliko hayo yana maana hata kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga London. Ofisi ya bima yenye watu 60 ina hatari zake, nazo ni ngazi iliyotoka kupigwa deki, birika la chai na moyo wa bosi. Karakana ya maseremala wanne, kama zile za Keko jijini Dar es Salaam, ina msumeno wa mviringo, randa ya umeme, vanishi inayowaka na nyaya zilizounganishwa kwa selotepu. Kwa kuhesabu vichwa, ofisi ya bima inastahili sanduku kubwa na maseremala wanne wanaambulia plasta. Kwa kupima hatari, mambo yanageuka.

Historia ya sanduku lenyewe inamuunga mkono seremala. Halikuzaliwa ofisini. Kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani inasimulia kwamba mwanzilishi wake, Robert Wood Johnson, alikuwa safarini kwa treni akazungumza na daktari mkuu wa shirika la reli, aliyemweleza jinsi wajenzi wa njia wanavyoumia maili nyingi kutoka ilipo hospitali. Mwaka 1888 kampuni ikaanza kuuza masanduku ya huduma ya kwanza yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa reli. Shida iliyolizaa sanduku ilikuwa umbali: mtu ameumia hapa, daktari yuko kule, na katikati kuna masaa.

Miaka minane baadaye, mwaka 1896, reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria. Simulizi za reli hiyo zimewapa sifa yote simba wa Tsavo waliokula wajenzi. Lakini hesabu za mradi zinaonyesha kwamba kati ya vibarua 31,983 walioletwa kutoka India, 2,493 walifariki, na wengine 6,454 walirudishwa kwao wakiwa hawajiwezi. Simba hawakula watu elfu mbili. Waliowamaliza ni magonjwa na ajali, mbali na daktari. Na umbali ule ungalipo, ingawa umebadili sura: siku hizi unaitwa foleni ya Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, unaitwa Barabara ya Mombasa jijini Nairobi saa 11 jioni, unaitwa shamba la mkonge lililo kilomita nyingi kutoka barabara ya lami.

Sanduku lenyewe, kwa hiyo, ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mtu, na hapo ndipo makampuni yanapopunguza gharama kimyakimya. Anayepelekwa kwenye mafunzo mara nyingi ni yule ambaye kazi zake zinaweza kusimama kwa siku moja bila mkubwa yeyote kulalamika: mpokea wageni, au kijana wa mafunzo kwa vitendo ambaye mkataba wake unaisha mwezi ujao. Anarudi na cheti, cheti kinatiwa fremu, kijana anaondoka. Jina lake linabaki ukutani. Au aliyefundishwa ni msimamizi wa zamu ya mchana, ilhali mashine hatari zinaunguruma usiku, na getini yuko mlinzi peke yake ambaye hata sanduku hajui liko chumba gani. Mafunzo nayo hayakai kichwani milele. Uingereza cheti cha huduma ya kwanza kazini huisha baada ya miaka mitatu, na bado inashauriwa mtu akumbushwe kila mwaka, kwa kuwa mikono husahau. Kubonyeza kifua cha mtu aliyesimama moyo, mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, sentimita tano hadi sita kwenda chini, si jambo la kusoma kwenye bango huku mwenzako amelala sakafuni.

Na mahali ambapo hakuna aliyefundishwa, huduma ya kwanza haikosekani. Inatolewa, tena kwa bidii, na kila mtu aliyesimama karibu.

Mpishi wa hoteli amemwagikiwa mafuta ya chipsi mkononi. Kabla hajamaliza kupiga yowe, mmoja ameleta dawa ya meno, mwingine yai bichi, wa tatu unga wa ngano, na wa nne anaapa kwamba bibi yake alitumia asali. Wote wanampenda. Wote wanamwongezea daktari kazi, maana vitu hivyo itabidi vibanduliwe juu ya ngozi iliyoiva. Kinachotakiwa kiko bombani: maji baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Pete na saa vivuliwe mapema, kabla mkono haujavimba. Kisha ngozi ifunikwe kwa kitambaa safi kisichonata. Dakika 20 ni ndefu sana jikoni saa saba mchana, oda zimejaa, na hapo ndipo inapojulikana kama meneja alielewa mafunzo au alihudhuria tu. Ikiwa jiko lile linategemea maji ya boza, basi pipa la maji safi lililotengwa kwa ajili hiyo ni kifaa cha huduma ya kwanza kuliko plasta zote za sandukuni.

Katika viwanda vya saruji, karakana za rangi na mashamba yanayopuliziwa dawa, tiba ya tangu zamani ni maziwa. Wapo waajiri wanaogawa pakiti ya maziwa kila siku kwa imani kwamba yanaosha vumbi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, na kibarua anayapokea kwa shukrani, lakini yanakwenda tumboni; vumbi limekwenda kwenye mapafu, njia nyingine kabisa. Aliyemwagikiwa dawa ya wadudu anahitaji kuvuliwa nguo zilizolowa, kuoshwa mwili kwa maji mengi na sabuni, na kupelekwa hospitali pamoja na lebo ya chupa ili daktari ajue anapambana na nini. Asilazimishwe kutapika. Maziwa yanayogawiwa bila barakoa yamkini yanaituliza zaidi dhamiri ya mwajiri kuliko kifua cha kibarua.

Jicho ni jambo jingine linalodharauliwa. Fundi wa betri akirukiwa na asidi, dakika ya kwanza ina thamani kuliko saa nzima ya baadaye. Maji safi yamiminwe polepole, kope zikiwa zimefumbuliwa kwa vidole, kwa dakika 15 hadi 20 mfululizo. Marekani imeliandika hili katika kanuni zake: palipo na kemikali zinazounguza, lazima pawe na mahali pa kuoshea macho na mwili papo hapo kazini, si choo cha ghorofa ya pili.

Halafu kuna kidole. Msumeno hauna huruma, na Keko yote inamjua fundi anayehesabu mpaka tisa. Damu ikiruka, mikono ya watu hukimbilia mpira wa ndani wa baiskeli ili kukaza juu ya jeraha. Cha kuanzia ni kubana jeraha lenyewe, kwa kitambaa safi na kiganja, kwa nguvu, bila kufunuafunua kila mara kuona kama damu imekata. Kile kidole kilichoanguka kwenye maranda kisitupwe, kisizikwe, kisitumbukizwe kwenye spiriti wala kwenye barafu tupu. Kinafungwa kwa gozi safi iliyoloweshwa kidogo, kinatiwa kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, na ule mfuko ndio unaowekwa kwenye maji yenye barafu. Kama kitaungika au la, hilo ataamua daktari. Na kwa kuwa mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, muuza duka wa jirani hana wa kukuazima. Mfuko unaofaa uwe umeshatiwa sandukuni mapema. Ni kitu kidogo kabisa, ambacho hukumbukwa na mtu aliyekaa akaipima kazi yake, wala hakikumbukwi na aliyenunua sanduku kwa kuagiza tu.

Baada ya hapo, safari. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu 213 waliuawa na zaidi ya 4,000 kujeruhiwa, wengi wakiwa watu waliokuwa kazini katika majengo ya jirani. Waliposikia kishindo cha kwanza walikwenda dirishani kutazama, na mlipuko mkubwa ukawakuta hapo hapo, nyuso zimeelekea vioo. Majeraha ya macho yalikuwa mengi mno. Waliowabeba hadi Hospitali ya Kenyatta na kwingineko walikuwa, kwa sehemu kubwa, wapita njia, wenye matatu na wenye pikapu. Siku ile ilionyesha kwa kipimo kikubwa jambo linalotokea kila siku kwa kipimo kidogo: katika miji yetu, gari la wagonjwa ni gari lolote lililo karibu.

Basi kazi ya aliyefundishwa haiishii kwenye bandeji. Anapaswa kujua majeruhi wa mgongo asinyanyuliwe kama gunia la mkaa na kukalishwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Anapaswa kuwa na namba kichwani: Tanzania ni 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, 112 kwa polisi, Kenya ni 999 au 112. Sheria ya fidia ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri apange namna ya kumsafirisha aliyeumia kazini, kwa hiyo mchango wa nauli ya teksi unaopitishwa kwenye kofia haukupaswa kuwepo. Na Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ni vizuri mpeleka majeruhi aijue ibara hiyo kabla hajafika kwenye dirisha la malipo.

Kampala ilijaribu njia inayostahili kuangaliwa. Watafiti walikusanya watu 307, polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, wakawafundisha misingi ya huduma ya kwanza na kuwapa vifaa. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2009. Hesabu yao ilikuwa rahisi: hao ndio wanaofika kwanza penye ajali, wafike basi wakiwa na glovu na wakijua kuzuia damu. Haikuwa lazima kungoja magari ya wagonjwa yanunuliwe.

Hesabu hiyo ndiyo inayokosekana juakali. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya ajira, nje ya kilimo kidogo cha nyumbani, ziko katika sekta isiyo rasmi. Wafua mabati wa Kamukunji jijini Nairobi, wachomeleaji wa Gerezani jijini Dar es Salaam, mafundi magari wa kila kichochoro: hao ndio wanaoumia sana, na ndio ambao mkaguzi hawafikii kwa urahisi, kwa sababu hakuna mlango wa kugonga. Kamati ya usalama ambayo sheria ya Kenya inaitaka kwa mahali penye watu 20 au zaidi haiwagusi, maana kila fundi anajihesabu kuwa ni kampuni yake mwenyewe, ya mtu mmoja na saidia fundi wawili.

Lakini ukiwatazama kwa pamoja, wao ni kiwanda. Wanachangia umeme mmoja, choo kimoja, mama lishe mmoja, na wengi wana kikundi cha kuweka na kukopa chenye daftari na mweka hazina. Kikundi kinachoweza kukusanya pesa ya rambirambi ndani ya saa moja kinaweza pia kununua gozi, glovu na mkasi, na kumlipia kijana mmoja siku ya mafunzo kwa Msalaba Mwekundu. Pesa ni ile ile. Tofauti ni kama imetangulia au imechelewa.

Sanduku la kikundi cha namna hiyo halihitaji kuwa jeupe. Kopo la rangi la lita nne lenye mfuniko, lililooshwa likakauka, linakinga vumbi vizuri kuliko masanduku mengi ya dukani. Ila wasilichoree msalaba mwekundu, kwa kuwa alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva kwa ajili ya matabibu wa jeshi na vyama vya Msalaba Mwekundu. Alama ya huduma ya kwanza duniani ni msalaba mweupe juu ya kijani. Litundikwe msumarini karibu na mashine inayouma zaidi, kimo cha mtu mfupi kuliko wote. Chini yake liandikwe kwa chaki jina la aliyefundishwa na namba yake ya simu, ili akihama iwe rahisi kufuta. Kufuli wanalo, liko kwenye boksi la spana.